Sidii Iliyomfungia Mama

Jirani yetu akiwasha jenereta lake, mimi hufunga dirisha. Humu ndani wanadhani nakimbia kelele. Kelele sina ugomvi nazo. Ni ile harufu ya petroli ikichanganyika na vumbi lililopata moto ndiyo inayonishika shingo, inanirudisha mpaka sebuleni kwa Mwalimu, kule Chilangala, nimekaa juu ya jamvi na magoti yaliyopauka, nangoja mama yangu atokee kwenye kioo.

Juzi jirani alikuwa analijaribu tu, mchana kweupe, na saa hiyohiyo mjukuu wangu Zuhura akaanza kulia. Filamu aliyonunuliwa kwenye simu ya mama yake ilikuwa imekataa kuonekana kwenye televisheni. Kwenye simu ipo, kwenye televisheni kioo cheusi na maneno ya Kiingereza katikati. "Nyamaza basi," mama yake akamwambia, "wenyewe wameifunga. Si filamu tu hiyo?" Nikainuka, nikatoka nje. Wapo watu wa kusema si filamu tu hiyo. Mimi simo.

Mimi ni bibi, ingawa nywele zangu bado zina weusi. Wenzangu mliokua huku juu Newala mnajua kwa nini mtu anaitwa bibi mapema, kwa hiyo hapo sitawachosha. Mama yangu alikufa mimi sijaanza hata kusema sawasawa. Nililelewa na Bibi mzaa mama, mwanamke mrefu, mkavu, asiyecheka bila sababu, na sababu zenyewe alikuwa hazioni. Picha ya mama haikuwepo. Si kwamba ilipotea, haikupigwa. Wenzangu walikuwa na mama zao, na hata waliofiwa walikuwa na kipicha kidogo kilichokunjika pembe ndani ya bati la biskuti. Mimi nilikuwa na maneno ya watu. Mama yako alikuwa mwepesi. Mama yako alikuwa na mikono. Mikono gani? Kila mtu ana mikono. Nikimuuliza Bibi sura yake ilikuwaje, anajibu, "Ilikuwa sura ya mtu. Lete kuni."

Kitu kimoja nilikijua vizuri. Mama alikuwa mfinyanzi, na alipokuwa hai walikuja Wazungu na kamera, wakakaa kijijini wakiwarekodi wanawake kazini, tangu udongo unachimbwa bondeni mpaka chungu kinatoka motoni. Kazi ilipoisha wanawake walifurahi, wakapiga vigelegele, wakacheza. Na katika kucheza kule, walisema baadaye, zilitoka nyimbo za unyagoni. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Nyimbo zile hazitolewi nje. Mwanamume hazisikii, mtoto hazisikii, na mgeni ndiyo kabisa. Kila mmoja akamsukumia mwenzake: aliyeanza kuimba ni fulani, si mimi. Wazungu wakaondoka na kamera yao. Mvua za mwaka ule mama akashikwa na homa, naye akaondoka, na wapo watu ambao hawakuacha kuyaunganisha mambo hayo mawili.

Nilikuwa darasa la nne sidii ilipokuja. Mwenyekiti wa kijiji aliileta mwenyewe, imefungwa kwenye bahasha ya kaki, akamkuta Bibi anachambua mbaazi uani.

"Shikamoo, Bibi. Mzigo wako huu."

"Marahaba. Mzigo gani? Sijaagiza mzigo."

"Wale Wazungu wa vyungu. Filamu yao imetoka, inauzwa huko kwao. Wametuma moja wilayani, na wilaya wanasema iende kwa wenyewe. Sasa wenyewe wengine wamehama, wengine ndiyo hivyo. Wewe mwanao yumo. Wanasema tena yumo sana."

Bibi aliipokea kama mtu anavyopokea mtoto mchanga wa wenyewe, kwa mikono miwili na mbali na kifua. Juu ya ganda la sidii palikuwa na picha ya chungu peke yake, hakuna mtu. Alipokwenda kuswali nikalifungua. Nilikuwa sijawahi kushika sidii. Upande mmoja ulikuwa na maandishi, upande wa pili uling'aa rangi zote, kama mafuta ya taa yakimwagika juu ya maji. Niliigeuza huku na huku kutafuta mahali mama alipolala. Nilitia kidole kwenye lile tundu la katikati. Nikasema moyoni, yumo sana, amesema Mwenyekiti. Mtu anakuwaje ndani ya kitu sana?

Televisheni na deki pale kijijini alikuwa nazo Mwalimu, mtu wa Bukoba aliyepangiwa kazi kwetu, yeye na mkewe Mama Neema. Ilikuwa Jumapili mchana. Watu walijaa sebuleni mpaka kuta zikatoa jasho. Walikuja wale waliokuwamo kwenye filamu, wamevaa kanga za sikukuu kana kwamba wataonwa na wao, na walikuja wasiokuwamo. Bi Mwanaisha, kungwi wa kijiji, alipewa kiti. Bibi alikataa kiti, akakaa chini ukutani, macho kwenye mikono yake. Mimi nilikuwa mbele kabisa. Nje jenereta likakohoa, likawaka, harufu ikaingia.

Mwalimu akaitia sidii. Deki ikaimeza, ikanguruma, ikatafuna kidogo. Kioo kikawa cheusi, kikaandika mstari mmoja mweupe, kikanyamaza.

"Inasemaje?" watu wakauliza.

"Inasema hairuhusiwi kuoneshwa hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa tu. Sijui. Ngoja niifute."

Akaitoa, akaifuta kwa shati, akairudisha. Mstari uleule. Akatia sidii yake ya kwaya, kwaya ikaimba bila shida, wanaume kwa wanawake wakiyumba kwenye kioo. Akarudisha ya kwetu. Mstari uleule. Kwa hiyo deki ilikuwa nzima na sidii ilikuwa safi, na bado ilikataa. Watu wakaanza kutazamana.

Ndipo Bi Mwanaisha aliposema, kwa sauti ndogo, maana hakuwa mtu wa kupaza sauti, "Mnajisumbua bure. Mle yamo mambo ya ndani. Mnataka yafunguke mbele ya wanaume na watoto?"

Kijana mmoja akacheka. "Bi Mwanaisha, sidii itajuaje nani kaingia unyagoni na nani hajaingia?"

"Imejuaje kukataa?"

Mwenyekiti akainuka kwanza, kwa heshima, na wanaume wote wakamfuata. Mwalimu akajaribu. Ikakataa. "Watoto," akasema Bi Mwanaisha. Watoto wakatoka kwa kelele. Mimi nikashika mguu wa meza. Bibi hakuinua hata uso. "Toka," akasema. Nikatoka. Ikakataa tena.

"Na Mwalimu naye ni mwanamume," akasema Bi Mwanaisha.

"Sasa Bi Mwanaisha, nikitoka mimi deki ataiwasha nani?"

"Si una mke?"

Mwalimu akaenda kusimama na wanaume wenzake uani, mikono mfukoni, nje ya nyumba yake mwenyewe. "Mwalimu, leo umefukuzwa shule," Mwenyekiti akamtania. "Kesho uje na mzazi." Watu wakaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, lakini alikuwa anatazama mlango wake.

Ndani mambo yalikuwa yamefika kwa Mama Neema. Nilimsikia Bi Mwanaisha anamuuliza, kwa adabu kabisa, "Mama Neema, hivi kwenu Bukoba wasichana wanaingia unyago?"

"Kwetu Bukoba wanaingia jikoni," Mama Neema akajibu. "Na sebule hii ni yangu, na petroli inayoungua nje ni yangu. Mimi sitoki." Akachomoa waya. Kioo kikafa.

Watu walirudi makwao wanacheka njia nzima, wanaigizana, wewe kuwa Mama Neema, mimi kungwi. Bibi alitembea mbele peke yake na bahasha kwapani. Na mimi sikucheka, kwa sababu mimi nilijua. Walipotutoa watoto, wenzangu walikwenda kucheza mpira wa makaratasi. Mimi nilizunguka nyuma ya nyumba, nikapanda juu ya jiwe la kufulia, nikabandika pua kwenye wavu wa dirisha. Nilikuwepo muda wote. Wanawake wote mle ndani walikuwa wameshatoka unyagoni, ukimwacha Mama Neema, na yeye mama yangu hakumjua, angemkatalia nini? Aliyebaki kutazama na hana ruhusa alikuwa mimi. Nilikuwa na akili ya mtoto, na akili ya mtoto ikishika jambo haiachi. Mama ameniona dirishani. Mama amesema, yule bado, sijitokezi.

Mtu mzima akisoma hapa atasema, si ungeuliza? Nyumba yetu haikuwa nyumba ya kuuliza. Nililibeba jambo langu. Tulipotelemka bondeni kuteka maji nilikuwa nalo, tulipochimba ming'oko, vile viazi vya porini, nilikuwa nalo. Usiku nikilala kando ya Bibi nilikuwa nasikia ndani ya sanduku lake ile sidii imetulia, na nilikuwa naona aibu, kama mtu aliyenyimwa salamu na mama yake mbele za watu.

Mavuno yalipokwisha na ngoma zikaanza kuzungumzwa, nikamwambia Bibi nataka kuingia unyagoni mwaka huu.

Akanitazama toka juu mpaka chini. "Wewe bado mdogo."

"Nimekua."

"Nani kakwambia? Matiti gani hayo?"

Niliomba tena. Niliomba mpaka nikaacha kula, na mimi nilikuwa mtoto wa kula. Habari zikamfikia Bi Mwanaisha, akaja mwenyewe nyumbani. "Watoto wengine wanafuatwa mpaka mashambani, wanajificha," akamwambia Bibi. "Huyu kaomba kwa kinywa chake, unamzuia nini? Mbona mama yake ulimpeleka ana kimo hikihiki?" Bibi akakwaruza tope kavu kwenye kisigino. Mwisho akasema, "Haya. Kama amekua, amekua."

Ya mle ndani siyasemi. Anayetaka kuyajua aingie. Nitasema tu kwamba niliyavumilia yote, na mengine yalikuwa mazito kuliko umri wangu, kwa sababu mwisho wake nilikuwa naona kioo kimewaka.

Tulitoka tumepakwa mafuta mpaka tunateleza, kanga mpya, ngoma, kina mama wanatutunza. Watu walinitazama kwa jicho ambalo sikulijua. Jana yake mwanamume akipita njiani alikuwa ananiambia, "Pisha, mtoto." Sasa akawa anasimama. Alikuwepo mmoja wa Lupaso, mtu mzima mwenye mikorosho yake na mke wake, alianza kupita kwetu kumsalimia Bibi. Wakati mwingine anaacha sukari. Bibi alikuwa anaipokea, anaiweka juu ya dari, haipikii chai. Shuleni sikurudi. Hakuna aliyenikataza. Ilikuwa hivyo tu, mwali anakaa nyumbani kwanza, na hicho kwanza kwa wengi wetu hakikuwa na mwisho.

Siku niliyopata ruhusa ya kutoka peke yangu, nilichukua sidii sandukuni nikaenda kwa Mwalimu. Nilivaa kanga yangu mpya, nikajipaka mafuta tena. Mama Neema alikuwa peke yake, anashona.

"Karibu mwali," akasema. "Umekuwa mrefu ghafla."

"Shikamoo. Naomba uniwekee hii."

"Marahaba. Lakini si ilikataa?"

"Sasa itakubali."

Hakuniuliza zaidi. Aliwasha jenereta mwenyewe, akavuta kamba mara nyingi, akaingia ametoka jasho. Deki ikaimeza. Mimi nikapiga magoti karibu kabisa na kioo, naona na kivuli changu humo. Ukaja weusi. Ukaja ule mstari mweupe.

Nikasema polepole, "Mama, nimeshatoka."

"Umesema?" akauliza Mama Neema.

"Sijasema kitu."

Mstari ulikaa vilevile. Nilikaa nimeutazama, na mwilini mwangu kulikuwa na vidonda ambavyo vilikuwa havijapona vizuri. Sitaki kuongeza neno hapo.

Mama Neema ni mtu, na aliona zaidi ya nilivyosema. Alimwambia mumewe. Mwalimu alipokwenda Masasi mwisho wa mwezi alimwomba Bibi ile sidii, akaipeleka kwa kijana mwenye duka la kurekodi nyimbo na filamu. Alirudi nayo siku ya pili, akaja moja kwa moja kwetu na baiskeli yake. Bibi alikuwa anamenya mhogo. Mimi nilikuwa nafagia.

"Bibi, nimeuliza," akasema. "Hii sidii haina ubovu. Imefungwa kwa makusudi na waliotengeneza."

"Imefungwa namna gani, na mimi naiona iko wazi?"

"Wenye filamu wameigawa dunia mafungu. Ulaya fungu lao, sisi fungu letu. Sidii iliyotengenezwa kwa fungu lao, deki ya fungu letu inaikataa. Ili watu wasinunue huku wakauze kule. Nikamwambia yule kijana, basi ihamishe, ninakilie kwenye sidii nyingine. Akaweka kwenye kompyuta, akahangaika nayo mpaka jua likazama. Nayo wamefunga. Haionekani na hainakiliki."

Bibi akaweka kisu chini. "Mwanangu alifinyanga hapa. Udongo wa hapa, maji nimembebea mimi. Na ufunguo uko kwao?"

"Ndiyo hivyo, Bibi."

"Na wakatuletea kufuli, wanasema ni zawadi."

Mimi nilikuwa nimesimama na ufagio. Nikasikia sauti yangu inatoka kabla sijaipa ruhusa.

"Kwa hiyo si kwa sababu yangu?"

Mwalimu akageuka. "Wewe? Wewe umefanya nini?"

"Si kwa sababu nilikuwa sijaingia unyagoni?"

"Mtoto wangu, deki ni chuma. Haimjui mtu. Hata mngetoka kijiji kizima isingeonesha."

Nilimwona Bibi anageuka taratibu, na maganda ya mhogo yakamwanguka mapajani. "Ndiyo sababu uliniomba?" akauliza. Nikainamia ufagio wangu. "Wewe, nakuuliza. Ndiyo sababu uliacha kula?" Nikaitikia kwa kichwa. Mwalimu akashika baiskeli yake, akasema atarudi siku nyingine, akaondoka bila kuaga vizuri.

Bibi hakunipiga, hakunikumbatia. Aliingia ndani, akakaa gizani mpaka ule mhogo ukawa mweusi kwenye ungo. Alipotoka alikuwa amefunga kitambaa cha safari. "Kule Lulindi yupo mama Mzungu anayefundisha cherehani," akasema. "Alikuja na vitu vyake vyote kutoka kwao. Kama ana deki, ni ya fungu lao. Kalale mapema."

Tulitelemka mlima alfajiri, yeye mbele mimi nyuma, mpaka tukapata lori la mchanga lililotufikisha njiani, na kipande cha mwisho tukakimaliza kwa miguu. Bibi alikuwa hajawahi kumwomba Mzungu kitu. Alisimama kwenye ngazi ya nyumba ile na bahasha yake, akabisha hodi kama anayedai chake. Mama wa cherehani alikuwa anafunga mizigo. Mkataba wake ulikuwa umekwisha, alikuwa anarudi kwao wiki ileile. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini alielewa upesi kuliko nilivyotegemea. Aliitazama ile sidii, akamtazama Bibi, akakata kamba ya boksi ambalo alikuwa ameshalifunga, akaitoa deki. Tulikaa kwenye kochi lisilo na kitambaa. Bibi safari hii alikubali kukaa juu.

Ikafunguka. Hivyo tu. Haikuomba kitu, haikuandika mstari wowote. Muziki wa kwao, halafu njia ya kwetu ya bondeni, naijua kila kona, na wanawake wanapanda na makapu ya udongo kichwani. Na hapo nikagundua jambo ambalo sikuwa nimelifikiria hata siku moja. Wanawake walikuwa wengi, na mimi sikumjua mama yangu ni yupi.

Nikachagua mmoja, mrefu, mzuri, mwenye mabega, anaongoza wenzake. "Yule?" nikamuuliza Bibi.

"Yule si Mama Hadija? Umepishana naye kisimani juzi."

Kweli, alikuwa Mama Hadija kabla hajanenepa. Nikachagua mwingine, mwenye shanga. Bibi akatikisa kichwa. Wakasaga udongo, wakaukanda. Sauti ya Mzungu ilikuwa inasema juu ya kila kitu, mwanamke akifungua kinywa kuongea inamfunika. Nyimbo za unyago hazikuwemo. Zile zilizogombanisha watu miaka yote, hawakuziweka hata moja.

Kisha pakatokea uwanja uliofagiliwa, na msichana mmoja ameinama juu ya chungu. Mnajua kwetu chungu hakizungushwi, anayefinyanga ndiye anayekizunguka. Msichana yule alikuwa anakizunguka kinyumenyume, ameinama, miguu mitupu inapapasa chini, vidole vinavuta udongo juu kidogokidogo, na mgongoni ana mtoto aliyelala kichwa upande. Alikuwa na haraka ya watoto, ile ya kutaka kusifiwa. Nikadhani ni yaya wa mtu, ameachiwa mtoto na chungu. Nikawa nangoja apite, wamwoneshe mwenye chungu.

"Yule," akasema Bibi.

"Nani?"

"Mama yako yule."

Nikasema hapana. Nilisema kabisa, kwa sauti. Mama yangu alikuwa mama. Yule alikuwa msichana wa kukaa naye dawati moja. Akamaliza mzunguko wake, akanyoosha mgongo kwa kushika kiuno kama wazee, akainua uso moja kwa moja kwetu. Alikuwa na mashavu ya mtoto. Udongo ulikuwa umemkauka kidevuni. Alisema kitu, akacheka, na sauti ya Mzungu ikamfunika.

"Mwambie asimamishe," Bibi akaniambia mimi, wakati mama wa cherehani alikuwa kando yetu anasikia. Akasimamisha. Uso ukakaa pale, unatetemeka kidogo.

Bibi aliutazama. Halafu akanigeukia mimi, na kanga yangu mpya, na masikio yangu yaliyotobolewa juzi, akanitazama mimi. Akarudi kwenye kioo. Alifanya hivyo kama mtu anayepima vitambaa viwili.

"Alikuwa mdogo hivi?" akasema. Hakuwa anatuuliza sisi. "Mimi ndiye niliyesema amekua."

Hakulia. Sijawahi kumwona Bibi analia, sikumwona hata siku ile. Alikaa amepakata mikono mpaka mama wa cherehani akamletea maji, na glasi ile aliishika bila kunywa.

Hatukuweza kuja nayo ile picha, maana kuhamisha ilikuwa haiwezekani, na deki ile ilipanda ndege na mwenyewe. Tukarudi nyumbani. Kesho yake Bibi alinivua ile kanga, akanitolea sketi yangu ya shule chini ya sanduku. Ilikuwa imebana. Alinishika mkono, akanifikisha mpaka mlangoni pa darasa, akamwambia Mwalimu, "Huyu ni mtoto. Kaa naye." Na yule mtu wa Lupaso alipokuja msimu wa korosho na wazee wake wawili kuleta neno, Bibi aliwapokea wamesimama uani, hakuwatolea hata mkeka, akamrudishia sukari yake yote kutoka darini, mifuko imeshagandamana.

Mwaka ule nilisoma. Ndio mwaka niliojifunza kuandika mstari ulionyooka. Mvua zilipokuja Bibi akaanza kukohoa, kikohozi kikavu kisichotaka dawa, na shamba likaingia majani, na mtu wa kutuletea maji hatuna. Msimu uliofuata yule mtu wa Lupaso alipita tena kusalimia. Niliwasikia kutoka jikoni wanaongea polepole, kikohozi kinakata maneno. Kisha Bibi akaniita kwa jina langu lote.

"Mletee mgeni kiti," akasema.